Wadudu Niliopewa Niwatunze

Akina mama, na akina baba mliokuja kutusindikiza, nawasalimu kwa Kiha: mwidiwe. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniomba nisimame nieleze yaliyonipata, na akaniambia nisitaje watu. Shule niliishia darasa la pili, lakini jina la mtu likiniingia halinitoki. Kwa hiyo nitafanya hivi: waliokosea sitawataja, isipokuwa mimi. Waliosaidia nitawataja, mwenyekiti anisamehe.

Ilikuwa miaka ya tisini, kijiji chetu cha huku juu, kwenye njia ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo. Mume wangu alikuwa amekwisha fariki. Binti yangu Yuliana naye alifariki, akaniachia wajukuu watatu. Tulikula mihogo. Asubuhi muhogo wa kuchemsha, jioni ugali wake, na mboga ni majani yake. Mihogo ikikataa, nyumba yangu haikuwa na kitu kingine cha kushika.

Shamba langu lilisifiwa. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, nilipenda kusifiwa. Ungepita humo usiokote jani kavu. Ng'ambo ya kijito alilima Mama Bukuru, mama wa mapacha, aliyeletwa mgongoni na mama yake kutoka Burundi. Shamba lake lilikuwa na majani mpaka kiunoni. Mimi ndiye niliyeanzisha ule utani kwamba mbuzi akipotea, kabla ya kumtangaza kanisani, mtafuteni kwanza kwa Mama Bukuru. Kijiji kizima kikaushika.

Ndipo wakaja wale wadudu weupe. Kwa mbali utadhani mtu amemwaga unga juu ya mihogo. Ncha za mti zinajikunja kama ngumi, majani yanapukutika, na ukichimba chini unakuta mizizi myembamba, migumu kama kuni. Tulimwaga majivu. Tulimwaga maji ya tumbaku na pilipili. Wapi!

Bwana shamba wetu, Ramadhani, kijana kutoka Singida, akatuita. Alikuwa na kopo la plastiki lenye kitambaa mdomoni. Ndani mlikuwa na nyigu. Si hawa mnaowajua. Hawa walikuwa wadogo kama utitiri wa kuku, ila wana mabawa. Akasema nyigu huyu hutaga yai ndani ya mdudu mweupe, mtoto wake anamla yule mdudu kutoka ndani. Mdudu akishaliwa anakauka, anakuwa wa kahawia kama punje ya ulezi, halafu nyigu mpya anatoboa tundu na kutoka.

Mzee mmoja akauliza, "Yaani sisi tuna njaa, wewe unatuletea nyigu?"

Watu wakacheka. Ramadhani naye akacheka. Kisha akasema watafunguliwa kwenye shamba moja la katikati, na kutoka hapo watasambaa kijiji chote. Akachagua langu. Masharti yalikuwa manne: nisinyunyize dawa, nisichome, nisikate ncha, nisichume majani hata ya mboga.

"Utaweza, mama?"

"Kuacha kufanya kazi kuna ugumu gani?" nikamjibu.

Kumbe ndicho kilichonishinda. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, shamba linazidi kuwa jeupe na mimi nimekaa. Wanawake wakienda kuchota maji wanasimama pale njiani. "Mama Yuliana, siku hizi mnalima pamoja na Mama Bukuru?" Mwingine: "Muacheni, anafuga nyigu, atatuuzia maziwa." Nilicheka nao, lakini moyoni iliniuma.

Ndugu yangu mmoja alikuwa na bomba na dawa ya kahawa. Siku ya mnada, watu wote wameshuka sokoni Kasulu, nilinyunyiza shamba lote. Halafu nikakata ncha, nikazirundika, nikazichoma. Jioni nikasimama nikaliangalia shamba langu likiwa safi, nikafurahi.

Ramadhani alikuja baada ya siku chache. Aligeuza majani mti kwa mti, akapiga magoti, akachungulia.

"Mama, umegusa humu?"

"Sijagusa."

Akaniangalia, akaandika kwenye daftari lake, akapanda baiskeli. Alisema kopo jingine hajui litakuja lini.

Wadudu weupe walirudi mwezi uleule, wengi kuliko mwanzo. Dawa haikuwaingia, ule unga wao unawafunika. Mihogo ikawa ya kuomba kwa watu, na watu wenyewe hawakuwa nayo. Kijiji kizima kilikuwa kinangojea nyigu watoke kwangu, na mimi nilikuwa nimewaua. Siku hizo wajukuu walikuwa wanalala mapema bila kuambiwa.

Kisha mihogo ya Mama Bukuru ikaanza kupona. Niliiona nikiwa kijitoni. Nikavuka, nikageuza jani, nikakuta punje za kahawia, na kila punje ina tundu lake. Nikaelewa palepale: nyigu walivuka kabla sijanyunyiza.

Lakini wenzangu walielewa vingine. Wakasema Mama Bukuru anavuta mihogo ya watu kwa dawa za kwao. Likaitishwa baraza, na wapo waliosema wazi kwamba ahame, arudi alikotoka. Nilijua ukweli siku tatu kabla ya baraza hilo, nikanyamaza. Kumtetea ilikuwa ni kujitaja.

Barazani wakamuuliza: "Iweje yetu ife, yako istawi?"

Akajibu, "Jana mimi mvivu, leo mimi mchawi. Huo uchawi ningeulima saa ngapi?"

Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema apewe siku saba. Mapacha wake, Bukuru na Butoyi, walikuwa wameshikana mikono nyuma yake. Hapo nikasimama. Nikasema yote: bomba, dawa, moto, na lile neno nililomwambia bwana shamba.

Ramadhani, aliyekuwa ameitwa barazani, akasema polepole, "Mama, uliniambia hukugusa."

"Nilikudanganya, mwanangu."

Akatoka na wazee wawili mpaka shambani kwa Mama Bukuru. Wakarudi na majani, akamwonyesha kila mtu zile punje. Moja ikatoboka mkononi mwa mwenyekiti wa kitongoji, nyigu akatoka akitembea. Yale maneno ya siku saba hayakusemwa tena.

Nilikwenda kumwomba radhi. Akaniambia, "Hata mimi nilitaka kuzichoma ncha zangu. Nikasema kesho." Nikamwomba anipe ncha zenye punje nikazifunge kwenye mihogo yangu. Mnajua kwetu kubeba majani ya shamba la mtu kunafikiriwaje: watasema unamvutia mavuno yake kwa uchawi. Akasema, "Njoo mchana, na mashahidi, ukate mwenyewe." Nikaenda na wanawake sita, tukapita katikati ya kijiji na vikapu vya mihogo migonjwa vichwani. Waliotuona walidhani tumechanganyikiwa.

Msimu uliofuata tulichimba mihogo minene kama paja. Nyigu wale hawakuondoka tena.

Namshukuru Ramadhani, aliyenisamehe na kuja tena na baiskeli yake. Nawashukuru waliobeba vikapu: Skolastika, Eveta, Yustina, Mama Gwimo, Veronika na Nyamwiza. Namshukuru Mama Bukuru.

Kunyunyiza dawa kulinigharimu msimu mmoja. Kunyamaza kulitaka kumgharimu mwenzangu nyumba yake. Kama kuna mtu humu anajua neno linaloweza kumwokoa jirani, na neno hilo linamwaibisha yeye, asisubiri baraza. Mimi nilisubiri mpaka wakamhesabia siku. Asanteni, nakaa.