Waveney Semple na Ndege Aliyedhaniwa Bubu

Tarehe thelathini na moja Julai, Bi. Waveney Semple atakabidhi funguo za chumba namba sita na kuondoka Chuo cha Ualimu cha Rustvliet baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kwa mujibu wa sheria bado alikuwa na miaka kadhaa ya kufundisha. Anaondoka mapema kwa kutaka mwenyewe, na sababu yake ameniruhusu kuieleza. Nilipompelekea rasimu ya wasifu huu, sababu hiyo nikiwa nimeifunika kwa maneno laini laini, aliisoma akiwa amesimama mlangoni kwake, akanirudishia.

"Andika yote, Ivelaw," akasema. "Ukiwapa nusu, nusu nyingine wataitunga wenyewe."

Basi naandika yote.

Alikuja Rustvliet akiwa mwalimu kijana kutoka shule ya msingi ya kwenye mashamba ya miwa, akapewa somo ambalo wengine walilikwepa: kuwafundisha wanachuo namna ya kumfundisha mtoto kusoma. Alishikilia kwamba mtoto husoma kwa masikio kabla hajasoma kwa macho. Kwa hiyo aliwasimamisha wanachuo wakielekea ukutani, wamempa kisogo, wakatamka maneno, naye akiwa ameketi upande wa pili wa chumba alinasa kila kosa. Aliyemeza herufi aliitwa kwa jina. Ukazuka msemo hapa chuoni: ukitaka kumsengenya mtu, kwanza uliza sikio la Semple liko wapi.

Miaka ya karibuni aliacha kuwageuza ukutani. Alisema shingo zinawauma, bora wamtazame. Hatukulitilia maanani.

Wengi hawajui kwamba mama huyu, ambaye wakaguzi kutoka mji mkuu, Georgetown, walikuwa wakinywea mbele yake, anaogopa chura. Mwaka mmoja mvua za Mei zilijaza mitaro, chura akaingia darasani. Bi. Semple alipanda juu ya kiti na kufundisha kipindi kizima akiwa huko juu, bila kuruka neno, mpaka mpishi alipokuja na ufagio. Wengi hawajui pia kwamba kila Ijumaa alicheza dhumna kwenye kantini ya polisi, na kwamba alizitua kete zake kwa kishindo kiasi cha sajenti mmoja kuomba meza ibadilishwe. Sajenti huyo hakuwahi kumshinda.

Lakini lililotushangaza zaidi ni ndege.

Huku kwetu towatowa, yule ndege mdogo mweusi mla mbegu, ni mchezo wa wanaume. Jumapili asubuhi hukusanyika uwanjani karibu na gati, kila mmoja na tundu lake. Matundu mawili husimikwa juu ya vijiti, waamuzi wakahesabu milio, na ndege atakayetangulia kufika hamsini ndiye mshindi. Wanawake hupita tu hapo wakielekea kanisani. Mumewe, marehemu Ovid, fundi wa injini za kivuko, alikuwa na towatowa aliyemwita Naibu, kwa kuwa, alisema, mkuu wa nyumba ile anajulikana. Ovid alipovunjika mguu kazini, Jumapili iliyofuata Bi. Semple alivaa kofia yake ya kanisani, akachukua tundu na kwenda uwanjani peke yake.

"Anti, soko liko kule," Bwana Boodhoo, mwenye kinu cha mpunga, akamwelekeza mbele ya watu.

"Soko nalijua," akajibu. "Nimekuja kumshinda ndege wako."

Akamshinda. Tangu siku hiyo aliendelea kwenda, hata mguu wa Ovid ulipopona, wakifuatana wawili. Sisi wenzake tulikaa miaka bila kujua. Tulidhani Jumapili zake ni za Mungu peke yake.

Ovid alifariki kwa ugonjwa wa figo. Hawakujaliwa watoto. Baada ya mazishi alibaki Naibu, naye Bi. Semple akitoka chuoni alikuwa akikaa naye kwenye baraza ya nyuma, na glasi ya mauby, kile kinywaji cha magome ya mti, mkononi, akimsikiliza mpaka jua lizame. Aliwahi kuniambia kwamba nyumba yenye towatowa haijawa tupu.

Kisha Naibu akanyamaza. Hakunyamaza ghafla, mlio ulififia kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja Bi. Semple akamfunulia kitambaa na kumwona amekaa tu kijitini, kimya. Aliamini ndege ana majonzi. Akambadilishia mbegu, akalihamishia tundu penye jua, akamwimbia yeye mwenyewe nyimbo ambazo Ovid alipenda kuzipiga mluzi. Hakumlaumu. Alisema hata ndege ana haki ya kuomboleza.

Ni katika kipindi hichohicho alipofika mbele yake Oselda LaRose.

Oselda alitoka sehemu za juu za mto, kwa wachoma mkaa. Alikuwa akishuka kwenye boti ya asubuhi na viatu mkononi, akivivaa langoni. Sheria yetu ilikuwa kwamba mwanachuo akianguka mara mbili katika mtihani wa kusoma kwa sauti, anaondoka. Alikuwa ameanguka mara ya kwanza. Mara ya pili alisoma ukurasa wote, na Bi. Semple akamwambia kwamba anameza sauti nyembamba za mwisho wa maneno ya Kiingereza, zile zinazopita katikati ya meno.

"Nimezitamka, Mwalimu," Oselda akasema.

"Tamka tena."

Akatamka tena.

"Bado."

Mtahini alikuwa Bi. Semple peke yake, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya mwingine. Oselda alifunga sanduku lake, akapanda boti ya mchana. Hakuna aliyemtetea. Nani angebishana na sikio la Semple?

Miezi ikapita, na Naibu hakulia. Mwishowe Bi. Semple akambeba mpaka kwa Bwana Boodhoo, ambaye kwa wakati huo walikuwa wamekwisha kuwa marafiki, akamwomba dawa. Bwana Boodhoo alizima kinu, akasikiliza, akamwambia kwamba ndege hana ugonjwa wowote. Bi. Semple alichukulia kwamba anamfariji mjane. Akamshukuru. Bwana Boodhoo, asijue aseme nini zaidi, akamwambia amlete uwanjani Jumapili. Akiwasikia wenzake atachangamka.

Aliniomba nimsindikize, nimbebee kijiti cha kusimikia. Ndivyo nilivyokuwapo.

Tundu la Naibu likasimikwa mkabala na la Bwana Boodhoo. Naibu alikuwa ametugeuzia mgongo. Nakumbuka watu walivyonyamaza. Muuza barafu alisimamisha mkokoteni wake, kwa sababu towatowa yule alikuwa akilia kama aliyelipwa. Bi. Semple akaniinamia.

"Ameanza?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nilidhani ni utani wake, nikatabasamu. Yeye hakutabasamu. Akanishika kifundo cha mkono.

"Ivelaw. Analia?"

"Analia," nikasema.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipofika."

Akauachia mkono wangu. Akazunguka upande wa pili wa kijiti, akasimama mbele ya Naibu, akalitazama koo lake likivimba na kunywea, likivimba na kunywea. Waamuzi wakatangaza kwamba Naibu ameshinda. Wanaume wakampigia makofi, na Bwana Boodhoo akavua kofia. Yeye alikuwa bado amesimama pale, analitazama koo.

Tulipofika kwenye lango lake aliweka tundu chini, akaniambia:

"Oselda LaRose alisema kweli."

Daktari wa masikio huko Georgetown alimweleza kwamba sauti nyembamba ndizo hutangulia kuondoka. Milio ya ndege huenda, na herufi za kwenye meno huenda. Sauti nene hubaki, na ndiyo maana alikuwa bado anatusikia tukiongea, huku akitusoma midomo bila kujua kwamba anasoma. Dawa hakuna. Kifaa cha sikioni kingemsaidia kidogo, lakini kile kilichokwisha kwenda hakitarudi, na kilichobaki nacho kitafuata.

Alikwenda kwa Mkuu wa Chuo, Bwana Deonarine, siku aliyorudi. Bwana Deonarine ni mtu mwema, alitaka kumsitiri. Alimshauri amalize muhula, astaafu kwa heshima kwa sababu za kiafya, na matokeo ya zamani yaachwe yalale. Bi. Semple akamshukuru, kisha akaomba kikao cha walimu wote. Tulidhani anatuaga. Alisimama mbele yetu bila karatasi.

"Yule msichana hakukosea," akasema. "Mimi ndiye sikusikia, na badala ya kujiuliza, nikamfukuza. Chunguzeni na wengine wote niliowaangusha. Msinionee haya."

Hakuna aliyejua aweke wapi macho. Mwalimu mmoja wa hesabu alianza kupiga makofi, akaacha.

Mitihani ikarudiwa na watahini wengine. Baadhi ya walioanguka walionekana walistahili kuanguka. Wengine walirudishwa darasani, na mmoja sasa anafundisha. Oselda hakupatikana. Mama yake, kule juu mtoni, alisema amevuka Mto Corentyne, yuko Nickerie, upande wa Suriname, anauza katika duka la vyakula. Bwana Deonarine alisema chuo kitampigia simu. Bi. Semple akajibu kwamba neno lile si la simu. Akaenda mwenyewe, nami nikafuatana naye, kwa sababu alihofia kwamba huko ng'ambo, wanakosema Kiholanzi, hataweza kusoma midomo ya watu.

Tulimkuta Oselda nyuma ya mizani, mja mzito, anampimia mteja vitunguu. Alituona. Aliendelea kupima. Mteja alipoondoka, Bi. Semple akasogea.

"Oselda, ulitamka sawasawa," akasema. "Masikio yangu yalikuwa yanakufa nami sikujua. Nimekuja kukuomba radhi, na kukuambia kwamba nafasi yako ipo."

Oselda akajibu jambo huku ameinamia vitunguu.

"Inua uso, mwanangu. Usipoinua sikusikii."

Msichana akainua uso. Nadhani mpaka hapo hakuwa ameamini. Alimtazama mwalimu wake, akasema polepole, na kila sauti ikiwa mahali pake:

"Niliporudi nyumbani nilikuwa nasimama mbele ya kioo, Mwalimu. Nayatamka maneno yale, natafuta kosa. Kila siku nalitafuta. Mwisho nikaliona. Halikuwepo, lakini nikaliona. Sasa nikishika kitabu nisome kwa sauti, ulimi unakwama."

Oselda akavuta kigoda akamkalisha Bi. Semple, akamletea maji. Wakakaa hivyo, mmoja akihudumia wateja, mwingine ameshika kikombe, mpaka saa ya mashua ikakaribia. Tulipoondoka Oselda alisema kwamba atafikiri.

Kwenye mashua Bi. Semple alishika kofia yake kwa mikono miwili mpaka tukafika upande wetu. Sikupata neno la kumwambia ambalo lilistahili kumfanya ageuke anitazame mdomo.

Oselda hajaja. Nafasi yake bado ipo, na itaendelea kuwapo, hilo Bi. Semple alilitaka liandikwe kwenye kumbukumbu za chuo kabla hajaomba kustaafu, nalo limeandikwa.

Ni desturi katika kurasa hizi kutaja mafanikio ya mstaafu. Karibu kila mwalimu wa darasa la kwanza kutoka hapa hadi mpakani amepita mikononi mwake, na watoto wa wilaya hii wanaosoma vizuri, wanasoma vizuri kwa sababu yake. Hilo ni kweli na halifutiki. Kwa pendekezo lake, hakuna tena mtihani wa Rustvliet unaosimamiwa na mtahini mmoja, na kila mwalimu hupimwa masikio kila mwaka, akitaka asitake. Tulinung'unika. Tukapimwa. Nalo hilo ni la kumshukuru, ingawa najua angetoa yote mawili ili Oselda ashike kitabu asome bila kukwama.

Siku hizi kila asubuhi bado anamfunulia Naibu kitambaa na kukaa mbele yake. Bwana Boodhoo amejitolea kumchukua ndege huyo, amlee pamoja na wake. Bi. Semple amekataa. Amesema ndege hajafanya kosa lolote la kumfanya ahamishwe. Kantini ya polisi haendi tena, kwa sababu wachezaji wa dhumna hutaniana wote kwa pamoja, naye hawezi kutazama midomo yote kwa wakati mmoja.

Hafla ya kumuaga itakuwa Ijumaa saa nane mchana. Wapishi wataandaa wali wa kunde kwa nazi, na keki nyeusi ambayo kwa kawaida tungeingoja Krismasi. Hakutakuwa na hotuba, wala kipaza sauti, wala bendi. Ameomba hivyo, na Mkuu wa Chuo amekubali. Bi. Semple atakaa ukumbini upande wa madirisha, penye mwanga. Anayetaka kumuaga aende mmoja mmoja, asimame mbele yake, asizibe mdomo kwa mkono hata kama anaona haya, wala asipaaze sauti, kwa maana kupaaza hakumsaidii. Aseme polepole. Maneno yawe machache, asimchoshe: Asante, Mwalimu. Mungu akulinde. Tunakutakia maisha mema.

Kisha angoje hapo hapo, asiondoke, mpaka Mwalimu aitikie kwa kichwa.