Njumu za Holo

Tulikuwa kwenye foleni ya gari la Kisarawe, pale Tumbi. Mbele yangu mama mmoja alishika mfuko wa njumu za soka. Alimwambia msichana jirani yake, aliyevaa jezi, kwamba anakwenda kumrudishia kocha njumu za binti yake Holo, asicheze fainali ya Jumamosi. "Dada yake mkubwa amekatika ligamenti, ile kano inayoshika goti, uwanjani, na hakuguswa na mtu! Kaka zao wanacheza kila siku, wazima."

"Mama yangu, hata mimi ilikatika!" msichana akadakia, kama anayetangaza ushindi. "Sisi wanawake inakatika zaidi kuliko wanaume. Nyonga, misuli, namna tunavyotua, vyote vimo. Lakini kutua kunafundishwa! Kocha wa Holo anawafundisha?"

"Anawakimbiza tu pamoja na wavulana."

"Basi mdai mazoezi, njumu muachie mtoto! Tazama." Akaruka palepale, akatua amekunja magoti, yakitazama mbele. "Yasigongane. Ruka, mama!"

"Na kitenge hiki? Binti, una wazimu."

Foleni nzima ilicheka. Marehemu kaka yangu, ambaye nilikuwa naenda kwenye arobaini yake, angeruka bila kuombwa.

Wale wawili walibishana garini hadi Kisarawe. Gari liliposimama, mama alikusanya kitenge chake, akaruka kutoka ngazi ya mwisho kwa miguu yote miwili.

"Yamegongana?" akamuuliza msichana.

"Kidogo!"

Mama akanikabidhi mimi mfuko wa njumu, akapanda ngazi tena ili aruke upya.