Mama Bure Anaondoka Dirishani

Baada ya miaka ishirini na saba na miezi minne, karani wetu mkuu wa mauzo, ambaye wateja wote humwita Mama Bure, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Anaondoka na afya njema, meno yake yote, na ufunguo wa stoo ambao tunaomba aurudishe.

Aliajiriwa kampuni ilipoanza kuuza mfumo endeshi huria, ile programu inayoiamsha kompyuta kabla ya nyingine zote. Walioitunga waliitoa bure kwa dunia nzima. Sisi tuliitia kwenye diski, diski tukaitia kwenye boksi la kupendeza, boksi tukalitia bei. Mama Bure alivumilia siku tatu huku dhamiri ikimsuta. Siku ya nne akafungua dirisha jingine pembeni ya lile la kulipia, akabandika karatasi: Mfumo uleule, bure, karibuni. Mkurugenzi alipoiona nusura azirai.

Barua ya kumfukuza ilishachapwa. Lakini foleni ya dirisha la kulipia ikafika barabarani, maana watu walilitazama lile la bure wakaguna kwamba hapo pana jambo. Mwalimu mkuu mmoja aliyechukua ya bure alirudi kesho yake akidai alipishwe, kwa kuwa mumewe hataki kitu kisicho na risiti nyumbani kwake. Barua ikachanwa, karani akapandishwa cheo.

Basi bodi ikaweka mlinzi kwenye dirisha la bure, eti kuzuia wizi. Msicheke. Mwaka wa nane alitokea mtu asiyeamini kwamba kweli ni bure, akaona heri aibe. Alikwapua diski, akatimua mbio. Mlinzi alimkimbiza mitaa miwili, akamkamata, akamkabidhi kijitabu cha maelekezo alichokisahau. Mama Bure akamwita ndani, akampa kiti, akamfundisha mpaka kompyuta ikawaka. Mwizi huyo ndiye ninayewaandikia, mwaka wa kumi na tisa kazini, na sijawahi kumshukuru ipasavyo.

Kila mwaka bodi ilijadili kama ni halali kuchuma faida kwenye kitu cha bure. Mwanasheria alisema leseni inaruhusu. Mhasibu alisema tumbo nalo linaruhusu. Mama Bure alisema jirani atakufundisha kupika bila malipo, lakini ukitaka aje akupikie kila siku, mlipe. Ila asikudanganye kwamba moto kaubuni yeye. Wajumbe walitikisa vichwa, wakanywa chai, wakaahirisha hadi mwaka ujao.

Ukweli ni kwamba tulichokuwa tukiuza ni yeye. Aliyelipa alipewa namba ya simu ya mezani kwake, na kompyuta ikigoma, alimpata pale, siku zote, bila kununa.

Mwezi uliopita uongozi ulimwomba aandike yote anayoyajua, tuyauze kwa bei ya kuruka. Aliandika kurasa mia sita na arobaini. Jumanne akapanga nakala zote kwenye dirisha la bure. Loo! Mkurugenzi alikaa sakafuni. Tukaulizana tutauza nini sasa, na ajira zetu zitasimamia wapi. Nakiri mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumnunia.

Hadi leo asubuhi nakala arobaini na moja zimechukuliwa. Waliozichukua wamevuka moja kwa moja hadi dirisha la kulipia kuuliza ni nani atakayewaelewesha. Simu imehamishiwa mezani kwangu. Imelia mara tisa tangu nianze kuandika, na wote wamemtaka yeye. Naogopa, sioni haya kusema. Niliposema sasa ni mimi, wanane wamekata. Wa tisa, bibi mmoja mwenye sauti ya ukali, ameguna, akasema haya basi tujaribu. Tumehangaika saa nzima, na kompyuta yake imewaka.

Ahsante, Mama. Nenda ukapumzike vyema, siku zako ziwe ndefu na nyepesi, na asubuhi zako zisiwe na kengele ya simu. Sisi tutapokea.