Enesi Nzunda, Muuguzi wa Mashindano ya Farasi ya Ihanda

Mama yetu Enesi Anania Nzunda, ambaye wengi waliofika hapa leo walimfahamu kwa jina la Mama Ikupa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 kijijini Ihanda, Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Alikuwa mtoto wa tatu na binti wa kwanza wa Mzee Anania Nzunda na Bi. Fides Mgala. Wazazi wake walilima kahawa na mahindi, na baba yake alikuwa pia mtunza farasi katika shamba kubwa la kahawa lililokuwa la walowezi, upande wa Nanyala. Ingawa alizaliwa katika nyumba ya mtu wa farasi, Enesi aliwaogopa wanyama hao tangu akiwa mdogo. Alipotumwa kumpelekea baba yake chakula, alikitundika kwenye nguzo ya uzio, akaita mara moja, kisha akatimua mbio kurudi nyumbani. Kaka zake walimcheka sana. Mzee Anania hakumcheka. Alikuwa akisema kwamba anayemwogopa farasi ana akili zake timamu, na kwamba yeye humhofia zaidi yule asiyemwogopa.

Alisoma Shule ya Msingi Ihanda kuanzia mwaka 1969 hadi 1975. Walimu wake walimsifu kwa utulivu na mwandiko mzuri, lakini siku za mitihani aliwasumbua, kwani alifika shuleni kabla ya mwenye ufunguo, naye akamkuta amesimama mlangoni, akiwa amejiuliza na kujijibu maswali yote njiani. Mwaka 1977 alijiunga na mafunzo ya uuguzi msaidizi katika hospitali ya misheni, akahitimu mwishoni mwa mwaka 1979.

Januari 1980 aliajiriwa katika zahanati ya Ihanda, na hapo ndipo alipofanya kazi maisha yake yote. Akina mama wengi waliokaa hapa mbele walijifungulia mikononi mwake. Watakumbuka kwamba Muuguzi Enesi hakuamini kuwa mgonjwa amepona mpaka amwone kwa macho yake. Ukitoka zahanati asubuhi, jioni alikuwa mlangoni kwako, akidai anapita tu, huku anakutazama unavyopumua. Wapo waliochoshwa na tabia hiyo. Wapo pia walio hai kwa sababu yake.

Tarehe 15 Septemba 1984 alifunga ndoa takatifu na Bwana Ombeni Mwashiuya katika Kanisa la Moraviani, Ihanda. Bwana Ombeni alikuwa kijana wa zizini, mwanafunzi wa Mzee Anania, na watu walishangaa kwamba binti anayekimbia farasi amekubali kuolewa na mtu anayenuka farasi. Yeye mwenyewe alieleza kwamba alitafuta mume mpole akampata, na hayo mengine angeyazoea. Mungu aliwajalia watoto watatu: Ikupa mwaka 1985, Enoka mwaka 1988 na Scola mwaka 1991.

Miaka hiyo mashamba ya kahawa yalianza kurudi mikononi mwa watu binafsi. Mwenye shamba mpya wa Nanyala alikuta farasi wachache waliokonda, akanunua wengine kutoka Zambia, na tarehe 4 Agosti 1990 yakafanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya farasi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini katika uwanja wa nyasi hapa Ihanda. Walikuja wapanda farasi wa mashamba ya Mbozi. Wazambia walivusha farasi wao Tunduma, wakisubiri mpakani hadi daktari wa mifugo aridhike. Wafugaji wa bondeni Momba walipanda mlimani na punda wao, na wachache kati yao na farasi waliowafundisha kuchunga ng'ombe. Kadiri miaka ilivyokwenda, siku ile ikawa kama sikukuu. Ndoa zilipangwa kuipisha, na kwaya zikatunga nyimbo za kuipamba.

Kamati ilihitaji mtu wa huduma ya kwanza, na mwenyekiti wake, Mzee Fanuel Simbeye, akamwendea Enesi. Enesi alikubali papo hapo, kwa sababu mumewe alikuwa mmoja wa washindani na asingeweza kukaa nyumbani akisubiri habari. Tangu siku hiyo, Agosti ikawa mwezi wake mgumu. Wiki ya mashindano alipungua mwili. Ijumaa alifua mashuka yote meupe ya nyumbani na kuyaanika, hata majirani wakadhani kuna wageni wanakuja. Hakuna aliyemuuliza mashuka ni ya nini, naye hakusema. Jumamosi alikaa chini ya turubai na sanduku lake, bandeji, mabanzi ya kufungia mifupa na machela iliyoshonwa kwa magunia ya kahawa. Wazambia walimwita Bamayo, yaani mama kwa heshima, na walipenda kumtania kwamba amekuja kuwazika kabla hawajafa. Yeye alitabasamu, kisha akawaomba wakaze mikanda ya tandiko.

Alichokiogopa kilimfikia tarehe 5 Agosti 1995. Farasi wa Bwana Ombeni aligoma kuruka kiunzi cha pili, na Bwana Ombeni akaruka peke yake. Enesi alimfunga nyonga pale pale kwenye nyasi, akapanda naye gari, akamshikilia mpaka hospitalini bila kutoa chozi. Mumewe alibaki na kilema cha mguu na hakushindana tena. Ndugu walipokwenda kumpa Enesi pole, walimkuta amenenepa usoni na analala vizuri. Alikuwa anajua sasa kwamba Baba Ikupa hatapanda tena farasi.

Lakini Bwana Ombeni, aliyekuwa amegeuka mwalimu wa wapanda farasi, alikuwa na mwanafunzi nyumbani kwake. Ikupa alipanda farasi tangu akiwa na miaka kumi, na hakuna aliyehitaji kumwambia mama yake kwamba binti huyu ni hodari kuliko baba. Mwaka 2004, akiwa na miaka kumi na tisa, aliomba kuingia mbio kubwa za viunzi. Baba aliridhia. Mama alikataa. Bwana Ombeni alipomkumbusha kwamba hata yeye alianguka na bado yupo, Enesi alimjibu, "Baba Ikupa, wewe ulianguka ukaamka. Huyu sina hakika naye."

Alikwenda mwenyewe kwa Mzee Fanuel, akamwomba asimruhusu binti yake. Mzee Fanuel alisema Ikupa ni mtu mzima, ila kwa heshima ya muuguzi wa mashindano angefanya alivyoombwa. Ikupa hakulalamika. Siku ya mashindano alikaa na mama yake chini ya turubai kutwa nzima, akimpa bandeji na maji. Mbio za viunzi alizishinda msichana wa Kizambia. Uwanja wote ulishangilia, na Ikupa naye akapiga makofi, akaendelea kupiga hata baada ya watu kunyamaza. Enesi alimtazama mwanawe mikono, akashindwa kula siku ile na siku iliyofuata. Alimsimulia mdogo wake, Nathanaeli, kwamba alikuwa amemlinda mtoto na farasi, na sasa hakujua nani atamlinda mtoto na yeye.

Mwaka uliofuata alirudi kwa Mzee Fanuel kabla ya kuombwa, akamwambia Ikupa ashindane. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Tarehe 6 Agosti 2005, wapanda farasi walipojipanga, Muuguzi Enesi alitoka chini ya turubai na gauni lake jeupe la kazi, akashika hatamu za farasi wa binti yake. Alikuwa na miaka arobaini na minne na hajawahi kumgusa farasi. Ikupa aliinama na kumwambia asimtazame farasi machoni, amshike tu. Mama akashika, kamanda wa mbio akashusha bendera, mama akaachia.

Mbio zile zilikuwa za mizunguko miwili. Kiunzi cha mbali kilikuwa bondeni, nyuma ya mwinuko, na kutoka jukwaani hakikuonekana. Katika mzunguko wa kwanza Ikupa aliongoza, na nyuma yake alikuwa Ayoub, kijana wa Mzee Bugalama, mfugaji kutoka upande wa Chitete. Farasi walizama bondeni saba. Walipochomoza upande wa pili walikuwa saba bado, lakini mmoja hakuwa na mtu mgongoni.

Enesi hakungoja kuitwa. Alichukua sanduku akakata uwanja kwa mbio. Mshika bendera wa bondeni alikuwa anapanda mwinuko kuita msaada, wakapishana, na kwa hiyo kiunzi kikabaki bila mtu wa kusimamisha mbio. Alimkuta Ayoub amelala chini kabisa ya kiunzi, upande ambao farasi hutua. Alikuwa na fahamu lakini alisema hasikii miguu. Enesi alijua kwamba mtu wa namna hiyo hasogezwi bila machela na bila watu wanne. Alipiga magoti, akamshika kichwa kwa mikono miwili ili shingo isicheze. Ndipo akasikia kwato. Mzunguko wa pili ulikuwa umeanza, na waliokuwa wanakuja wangeruka kiunzi na kutua juu yao.

Ayoub alimwomba akimbie. Ayoub yupo hapa leo, na ndiye aliyetusimulia sehemu hii, kwa kuwa mama mwenyewe hakuwahi kuisema. Enesi alimfunika kwa kifua chake, akaendelea kushika kichwa, na Ayoub alisikia moyo wake unavyopiga, akadhani ni kwato zimefika.

Ikupa alikuwa anaongoza kwa mbali. Alipofika juu ya mwinuko alitupa jicho upande wa turubai kumtafuta mama yake, kama alivyofanya kwenye mzunguko wa kwanza, akaona kiti kitupu na sanduku halipo. Hakujua mama yuko wapi. Alijua tu kwamba mama haondoki pale bila mtu kuumia, na kwamba uwanja mzima aliokwishaupita haukuwa na mtu aliyelala. Ilibaki bonde. Alivuta hatamu kwa nguvu zake zote, akamgeuza farasi akasimama kukinga njia, akanyoosha mkono juu. Waliokuwa nyuma walimtukana, lakini walisimama. Mmoja alichelewa, akapita pembeni ya kiunzi, na vumbi lake liliwaangukia Enesi na Ayoub.

Ayoub alilala hospitalini miezi mingi, akatoka akitembea. Kamati ilirudia mbio siku ya pili, lakini farasi wa Ikupa alikuwa ameumia mguu kwa kule kuvutwa ghafla, na kikombe kilikwenda Zambia. Jioni ya siku ya ajali mama na binti walirudi nyumbani kwa miguu, farasi akichechemea katikati yao. Ikupa ameruhusu tuseme alichoambiwa njiani. Mama yake alimwambia, "Sitakuzuia tena. Ila kuogopa nitaogopa, hilo usiniombe niache."

Akatimiza yote mawili. Ikupa alishindana kila mwaka, akachukua kikombe mwaka 2007 na tena mwaka 2011, na mama yake alikuwepo kila mara, amekaa ukingoni mwa kiti. Mzee Bugalama alimletea ndama mweupe. Enesi alimpokea, kisha akaanza kuhangaika kwamba ndama ataibiwa.

Mwaka 2012 alianza kuchoka haraka na kuvimba miguu. Madaktari walimweleza kwamba moyo wake umetanuka, akastaafu kazi mwezi Desemba mwaka huo. Familia ilimpeleka hospitali mbalimbali, na mumewe hakumwacha hata mara moja. Wauguzi wa wodini walimlalamikia kwa upole kwamba anaamka kuwatazama wagonjwa wa vitanda vya jirani.

Mwaka huu mashindano yalifanyika tarehe 9 Agosti, mama akiwa amelazwa Mbeya. Ikupa aliamua kutokwenda. Mama alimwita kitandani, akamwambia aende, kwa sababu asipokwenda, yeye mama atakuwa na hofu mbili, ya kwake na ya binti yake. Siku ile Bwana Ombeni alikaa naye. Anasema mkewe alishika simu tangu asubuhi, hakutaka chakula, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa alimtazama anayeingia usoni kabla hajatazama kitu kingine. Alasiri simu iliita. Ikupa hakutaja kikombe wala nafasi aliyopata. Alisema, "Mama, nimeshuka." Mama alijibu, "Haya mwanangu," akampa mumewe simu, akaomba uji, akaumaliza.

Muuguzi Enesi Anania Nzunda alifariki dunia Jumanne, tarehe 2 Septemba 2014, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu. Mumewe na Ikupa walikuwa naye. Scola alikuwa njiani kutoka Tunduma, na mama aliuliza kuhusu hali ya barabara.

Ameacha mume, Bwana Ombeni Mwashiuya, watoto watatu, Ikupa, Enoka na Scola, wajukuu wawili, kaka zake wawili na mdogo wake Nathanaeli, pamoja na Ayoub Bugalama, ambaye ameomba atajwe miongoni mwa watoto, na familia imekubali.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia, washarika, kamati ya mashindano na ndugu zetu waliovuka mpaka kuja kumsindikiza Bamayo wao.

Mungu ampumzishe mama yetu mahali ambapo hatamhofia mtu yeyote. Sisi aliotuogopea tumefika hapa wote, wazima.