Weldon Kipngeno Kosgei: Wakili wa Juu ya Bucha, Kikopey

Mimi ni Jepkemei, dadake mkubwa wa marehemu. Baba ameniomba nisome polepole, nami nimemwahidi nitajaribu, lakini maisha ya Weldon hayasomeki polepole. Yeye mwenyewe aliongea kama mtu anayeogopa chai yake itapoa. Nitalia baadaye. Kwa sasa nina hamu kubwa ya kuwaeleza alikuwa nani, na Baba amenipa ruhusa kusema yote, hata yale yanayomhusu yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1989 mjini Nakuru, kitinda mimba wa Mzee Joash Kosgei na Mama Milcah, wa hapa Rongai. Alianza kutetea watu kabla hajajua kusoma, na mteja wake wa kwanza alikuwa mbuzi. Mbuzi wetu alikula sukuma wiki ya jirani, jirani akaja amewaka, na Weldon, akiwa na miaka sita, akasimama mbele ya mshtakiwa na kuuliza, "Kwani gate ilikuwa imefungwa?" Haikuwa imefungwa. Mbuzi akaachiliwa, na jirani akanywa chai.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha shule ya bweni kule Molo, akafanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka wa 2007 na kupata alama ya A-. Mwaka wa 2009 alijiunga na chuo kikuu jijini Nairobi kusomea sheria, akahitimu mwaka wa 2013. Alifanya mtihani wa uwakili, kisha akapata mafunzo ya kazi ya miezi sita katika kampuni ya mawakili iliyokuwa ghorofa ya tisa. Msiisahau hiyo ghorofa ya tisa. Mnamo Februari 2016 aliapishwa kuwa wakili wa Mahakama Kuu, na Mama alipiga kelele hadi askari wa mlangoni akaja kuangalia kama kuna mtu ameumia.

Wiki hiyo hiyo, ghorofa ya tisa ilimwambia uchumi ni mbaya na nafasi hakuna. Ghorofa nyingine zikamwambia vivyo hivyo. Wenzake walitawanyika: mmoja aliuza bima, mwingine aliandikia wanafunzi wa ng'ambo insha mtandaoni, mwingine akaenda Qatar kulinda lango la hoteli. Kampuni moja ilikubali kumchukua afanye kazi bure "ili apate uzoefu". Weldon alifunga virago akaanza safari ya nyumbani, bila kujua atamwambia Baba nini.

Gari liliposimama Kikopey, pale kwenye bucha za nyama choma kando ya barabara kuu, alishuka na kuagiza nyama. Kwenye meza ya pili palikuwa na dereva wa lori aliyekuwa akigombana na karatasi. Lori lake lilikuwa limeanguka, na tajiri wake alitaka atie sahihi kwamba hasara yote ni yake. Weldon aliisoma, akamwambia, "Boss, usisign hii kitu. Hata usiiguze na hiyo kalamu." Nyama ilipoletwa, walikuwepo watu wanne wamesimama nyuma ya kiti chake, kila mmoja na karatasi yake. Mwenye bucha, Mzee Hiram, alitazama haya yote akiwa ameshika kisu, kisha akamwambia, "Kijana, kuna room hapo juu naweka makaa. Nikitoa makaa utakaa?"

Alinipigia simu papo hapo. "Jepkemei! Nimepata kazi!"

"Wapi?"

"Kikopey!"

Nikamuuliza, "Ya kukata nyama ama ya kuchoma?"

Ndiyo hiyo ofisi aliyofanyia kazi hadi mwisho. Alitetea madereva, makanga wa matatu, wauza mbuzi, akina mama wa vibanda na wasafiri walioshuka kula wakapanda tena gari wakiwa wameshapata wakili. Suti yake ilinukia moshi siku zote. Hakimu mmoja alimkatiza katikati ya hoja na kusema, "Wakili, kila ukisimama nasikia njaa." Weldon akajibu kwamba angeomba kesi iahirishwe hadi baada ya chakula cha mchana. Na iliahirishwa!

Lakini Baba hakufurahi. Alikuwa ametangazia kanisa zima kwamba mwanawe yuko ghorofa ya tisa Nairobi, na hakubadilisha tangazo. Miezi sita ya Weldon huko ilinyooshwa ikawa miaka. Kila Baba alipopita Kikopey alibaki garini, akiangalia upande wa pili wa barabara kama aliyepoteza kitu huko. Mama alimwambia Weldon avumilie. Weldon alisema, "Si nimevumilia? Lakini ningependa mzee apande hizo stairs mara moja tu." Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho.

Jumamosi, tarehe 18 Agosti 2018, basi la kanisa letu lilikuwa likienda harusini Limuru. Dereva alisimama Kikopey, waumini wakashuka, na mchungaji akainua macho kusoma kibao kilichokuwa juu ya bucha. Akaita kwa sauti ya mimbari, "Mzee Kosgei! Si huyu ni Weldon wetu?" Weldon akatokeza dirishani na tai yake. "Karibuni! Kuna maswali?"

Maswali yalikuwepo. Mwenyekiti wa akina mama alikuwa na shida ya ushirika wa maziwa. Shemasi alikuwa na mpangaji asiyetoka. Foleni ilishuka ngazi hadi kwenye majiko, na dereva wa basi, badala ya kupiga honi, naye akajiunga. Baba alibaki peke yake ndani ya basi. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la bucha, hakumwita. Baadaye sana, Baba alishuka, akavuka majiko, akasimama nyuma ya shemasi kama mtu mwingine yeyote.

Ilipofika zamu yake, Weldon alisimama. Baba akasema, "Keti. Nimekuja kama client."

Hapo ndipo sisi sote tulipojua. Shamba hili lilikuwa bado kwa jina la babu, aliyefariki mwaka wa 1996, na mtu fulani wa ukoo alikuwa amesogeza ua mara mbili. Sitamtaja, maana yupo hapa, na leo asubuhi amekuja na trekta yake kuwavuta nyinyi mliokwama kwenye matope. Baba alikuwa amelala na wasiwasi huo kwa miaka miwili. Hangeweza kwenda kwa wakili mwingine, kwa sababu kila mtu angemuuliza, "Na yule wako wa ghorofa ya tisa?"

Weldon hakucheka. Alichukua kalamu na kumuuliza, "Jina kamili, mzee?" Baba akalitaja, herufi kwa herufi, kwa mtoto aliyempa jina. Harusini walifika keki imeshakatwa. Hati ya shamba ilitoka mwaka wa 2021 kwa jina la Joash Kosgei, na ua ukarudi mahali pake.

Tarehe 7 Desemba 2019, marehemu alifunga ndoa na Wamaitha, bintiye Mzee Hiram, aliyekuwa akisimamia hesabu za bucha na ambaye kwa miaka mitatu alimpandishia supu bila kuombwa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Cheruto na Muturi.

Kuanzia mwaka wa 2022, alianza kupokea vijana waliotoka chuoni na kukosa pa kwenda. Wa kwanza walikuwa Njoki wa Bahati na Kipkirui wa Rhonda. Nyinyi vijana wenye digrii za sheria mliojaa hema lile la kijani, alichowaambia hao nilikisikia kwa masikio yangu: "Nyinyi mnatafuta ofisi. Mimi natafuta mahali shida za watu zinashuka kukula." Leo Njoki hukaa karibu na soko kule Bahati kila siku ya soko, na Kipkirui ana meza mtaani Rhonda, katikati ya kinyozi na fundi wa simu, na wote wawili wana foleni. Foleni, jamani! Katika uchumi huu!

Mnamo Mei 2024, marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Nakuru, na hata huko alipata wateja, hadi muuguzi akamwambia achague kama yeye ni mgonjwa au ni wakili. Alichagua wakili. Alituacha Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, Wamaitha akiwa amemshika mkono. Inauma. Inauma sana.

Wiki moja baadaye kesi ya dereva aliyoiandaa ilikuwa ikisikizwa. Njoki alisimama badala yake, na akashinda. Alinipigia simu kutoka nje ya mahakama huku analia na kucheka.

Marehemu ameacha mjane, Wamaitha. Watoto, Cheruto na Muturi. Wazazi, Mzee Kosgei na Mama Milcah. Dada zake, mimi Jepkemei na mdogo wangu Chepkemei. Mkwe wake, Mzee Hiram. Na wateja ambao hata leo wameegesha malori yao hadi barabara kuu.

Nilipoandika wasifu huu, kichwa chake kilikuwa "Wakili wa Mahakama Kuu". Baba aliusoma, akanirudishia. "Andika Kikopey," alisema. "Na uandike juu ya bucha, watu wasipotee." Kisha akatoka na jembe akatuonyesha mahali pa kuchimba kaburi, pale kwenye mpaka, ambapo ua uliwahi kusogezwa.

Lala, Kipngeno, upande wetu wa ua.