Ubeti wa Tatu wa Bi Mwanaarusi

Wasikilizaji wapendwa, hapa ni Garsen, ni Ijumaa asubuhi, na huyu ni Josiah, yule mnayemwita Chiriku. Leo sina salamu. Kadi zenu nimezipokea, zote ziko hapa mezani, na sitasoma hata moja. Mnisamehe. Kabla kipindi hakijaisha mtajua kwa nini.

Leo tunamkumbuka Bi Mwanaarusi Athman wa Ozi. Mtunzi wa nyimbo. Alitunga kwa miaka arobaini. Alifariki mwezi wa pili mwaka huu, nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na tatu. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: tunamkumbuka Bi Mwanaarusi Athman, mtunzi wa nyimbo, wa Ozi.

Na kuna swali. Bwana mmoja wa Minjila, anaitwa Shee, ametuma ujumbe. Anasema hivi: "Chiriku, ile memori kadi ya marehemu Bi Mwanaarusi wanauza mia tatu pale kwa Liban. Nyimbo ishirini na mbili, za tangu ujana mpaka uzee. Ni nyimbo ama ni kelele? Ninunue ama niachane nayo?"

Swali zuri, Shee. Wewe umeuliza kwa sauti tu, lakini wengi wanaliuliza kimoyomoyo. Nitalijibu. Ila itabidi univumilie, maana jibu lenyewe linanichoma.

Bi Mwanaarusi alianza kutunga akiwa juu ya dungu. Wenye mashamba ya mpunga wanajua. Ni kazi ya kuamia, kukaa pale juu kutwa nzima ukifukuza ndege wasile mpunga. Wenzake walipiga makelele na madebe. Yeye aliona makelele yanamchosha, akaanza kuimba. Aliwaimba ndege wale mmoja mmoja, akawatukana na mama zao, mpaka watu wa shamba la pili wakaacha kazi kumsikiliza. Wimbo huo ndio wa kwanza kwenye kadi. Aliurekodi miaka mingi baadaye, na nyuma utasikia sinia likipigwa kwa kijiko. Mpiga sinia ni Bi Sadia, rafiki yake, ambaye alimwitikia nyimbo zote hadi mwisho. Bi Sadia yu hai.

Wimbo wa nne unamhusu kiboko aliyeingia shambani kwake usiku wa kuamkia mavuno. Wewe usinywe chai ukiusikiliza huo, itakutoka puani. Wa kumi na moja unahusu mafuriko yaliyowakuta arusini wali ukiwa bado jikoni. Huo nao unachekesha, mpaka pale anapotaja vitu alivyoviona vikipita juu ya maji, kimoja kimoja, na cha mwisho ni mlango wa nyumba yake. Wa kumi na nne ni mbaya. Nasema ukweli. Alimtungia mgombea mmoja wa uchaguzi, na unasikia kabisa kwamba mwenyewe hakuutaka. Urukeni.

Sasa, sauti. Kadi hii sauti yake si safi, na kuna sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni maji. Kanda zote za Bi Mwanaarusi alikuwa akizitunza kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mwaka 2023, mwezi wa kumi na moja, mto ulipofurika, sanduku lile lilikaa ndani ya maji siku sita. Hakuna kilichopona. Kwa hiyo nyimbo mnazouziwa hazikutoka kwake. Zimetoka kwa mzee mmoja anayeitwa Roba.

Mzee Roba ni mfugaji. Ng'ombe wake wanazunguka huko nyuma ya Garsen, leo hapa, kesho kule. Ana redio ya kaseti iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kila Ijumaa kwa miaka mingi alirekodi kipindi hiki. Kipindi chote. Bi Mwanaarusi hakuwahi kuonana naye. Bi Mwanaarusi alipofariki nilitangaza hapa kwamba familia inatafuta nyimbo zake, na siku ya tatu Mzee Roba akaja na gunia la kanda begani. Nikamshukuru sana. Akaniangalia.

"Mimi napenda huyu mama yake wimbo," akasema. "Lakini wewe nasema sana."

Na hiyo, wasikilizaji wapendwa, ndiyo sababu ya pili.

Mnanijua. Mnajua nilivyokuwa nikifanya. Wimbo unaanza, mimi naingia. Wimbo unafika katikati, mimi nachukua kadi. "Salamu zimwendee Kache wa Tarasaa, zimwendee fundi baiskeli pale Idsowe, ziwaendee wote wanaonijua na wasionijua." Mlipenda, mkaniita Chiriku, nami nikaona jina tamu. Katika nyimbo ishirini na mbili za kadi hii, mimi nimo ndani ya kumi na moja. Nacheka, nakohoa, nataja saa. Kwenye wimbo wa kumi na saba nasoma tangazo la dawa ya kupe. Mtu ametunga maisha yake yote, na nusu ya alichoacha duniani ina mdomo wangu juu yake. Naona aibu. Nimeisikiliza kadi yote nikiwa peke yangu, na bado nilijifunika uso.

Nilimwendea Liban, fundi wa simu aliyezihamisha nyimbo kutoka kwenye kanda. Nikamwomba aniondoe. Nikamwambia, fanya ujuavyo, nitakulipa mimi mwenyewe. Alijaribu siku mbili. Kisha akaniita.

"Josiah," akasema, "nikikutoa wewe, namtoa na yeye. Mmeshikana."

Basi nimebaki. Nimo.

Shee, hapo kama ningekuwa mtu wa kujificha ningekwambia nunua, kipindi kimekwisha, tuonane. Lakini kuna wimbo wa tisa.

Wimbo wa tisa unaitwa "Umekwenda Bila Kuaga". Bi Mwanaarusi alikuwa na mtoto mmoja, binti, anaitwa Najla. Najla alimpenda kijana wa Hola, fundi wa magari. Mama yake alikuwa ameshakubali posa ya kwingine na ameshapokea watu wa huko nyumbani kwake. Binti akaondoka asubuhi moja bila kuaga, akaolewa Hola. Mama akaapa hatamtaja. Ikapita miaka minne hawasemezani.

Halafu Najla akajifungua mtoto wa kike. Mfanyabiashara wa samaki alikuwa akirudi Kipini, Najla akampa ujumbe: "Mwambie mama nimepata mtoto. Nikija naye, atanipokea?"

Bi Mwanaarusi hakuwa mtu wa kusema mambo mazito kwenye simu. Kwao Ozi, lililo zito wanawake hulijibu kwa wimbo, na wimbo ukishaimbwa ndio neno lenyewe. Akamwambia yule mfanyabiashara, "Asikilize redio Ijumaa. Nitamjibu." Akatunga. Akaimba na Bi Sadia, wakarekodi, na kanda akaniletea hapa studio mtu wa boti. Hiyo ilikuwa miaka kumi iliyopita. Wimbo ule niliupiga mara moja tu.

Una beti tatu. Mbili za kwanza ni kali. Anamsema mtoto aliyeacha moto unawaka jikoni na uji unafurika, akapita mlango wa nyuma kama mwizi. Ndivyo alivyokuwa akitunga siku zote. Kwanza anatoa dukuduku lote, halafu ubeti wa mwisho anageuka. Aliyemzoea anajua kusubiri ubeti wa mwisho.

Mimi sikusubiri. Ubeti wa tatu ulipoanza nilichukua kadi.

Najla alikuwa Hola, redio mapajani, mtoto mgongoni. Mwenyewe ameniambia, tukiwa dukani kwa Liban, siku tuliyousikiliza wimbo ule kwenye kanda ya Mzee Roba. Tulikuwa watano: Najla, Bi Sadia, Mzee Roba, Liban na mimi. Najla alikuja kutoka Hola kwa ajili ya wimbo huo mmoja. Alipokwenda Ozi msibani, wanawake walimwangalia kwa jicho baya, na mmoja akamwambia, "Mamako alikuita hukuja." Akauliza, "Aliniita lini?" Hakuna aliyemwamini kwamba hakujua.

Kwa hiyo tukasikiliza. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Najla akasogeza kiti. Halafu nikaingia mimi, kwa kicheko, na salamu za timu ya mpira, mchezaji baada ya mchezaji, mpaka kipa wa akiba. Nilipomaliza kipa wa akiba, wimbo ulikuwa umekwisha.

Najla hakulia. Heri angelia.

"Ndivyo nilivyosikia siku ile," akasema. "Beti mbili za kunisema, halafu wewe. Nikajua jibu ni hapana. Nikazima redio."

Bi Sadia alikuwa amefumba macho. Mama yule ana miaka zaidi ya sabini, na mengi yamemtoka. Alisema maneno yote hayakumbuki, anakumbuka mistari miwili tu, kwa sababu hapo ndipo alipotakiwa kuacha kupiga sinia. Akaisema taratibu:

"Kitanda chako ki pale, kamba mpya nimewamba,
Na mwanao ana chake, ndoo mwanangu wa mimba."

Ndoo, kwa watu wa Ozi, ni njoo. Alikuwa anamwita.

"Alikiwamba kweli kile kitanda," Bi Sadia akasema. "Na kidogo cha mtoto. Mimi nilimshikia kamba."

Ndipo Najla akauliza. Swali hilo sijalala nalo vizuri tangu siku hiyo. Akasema, "Na mbona hakuniita tena? Miaka kumi, Bi Sadia. Kama alinitaka, mbona hakutuma mtu? Au alibadili moyo?"

Bi Sadia akasema, "Alitukataza, mwanangu. Alisema, nimeshamjibu, na amesikia. Asipokuja, asiombwe. Sikujua amejuaje kwamba umesikia. Ozi siku ile redio haikukamata."

Najla akatuangalia mmoja mmoja. Liban akainamia meza. Nami nilikuwa na jibu mdomoni, wasikilizaji wapendwa. Katika watu wote wa bonde hili la Tana, mimi peke yangu nilikuwa na jibu la swali lile. Mimi Chiriku, ambaye sijawahi kushindwa kusema jambo. Nikauliza kama kuna anayetaka soda. Nikaenda kununua soda.

Jana nimempigia Najla simu. Nikamwambia, dada yangu, kesho nina kipindi cha kumkumbuka mama, nakuomba usikilize. Kuna jambo nilipaswa kukwambia uso kwa uso nikashindwa, na kosa hili lilitokea hewani, naona nalo nilitubie hewani, mbele ya hao hao waliokuwa wakinicheka. Nikamwomba ruhusa.

"Nitasikiliza, kaka Josiah," akasema. "Wewe safari hii utaniacha nisikie mpaka mwisho?"

Nikamwambia nitamwacha. Akaniomba pia nisiwahimize watu kununua kwa kumhurumia. "Wakinunua," akasema, "wanunue kwa sababu mama alijua kutunga."

Basi Shee wa Minjila, jibu lako. Nunua. Nunua kwa ajili ya ndege na kiboko, na kwa ajili ya ule mlango unaopita juu ya maji. Nyimbo kumi na moja ni zake peke yake, na hizo zinatosha mia tatu na chenji hutaidai. Zile nyingine utanisikia mimi. Usiziruke. Wimbo wa tisa hasa, usiuruke. Kaa unisikilize ninavyosoma majina ya timu ya mpira, ujue chini ya majina yale kuna mama anamwita mtoto wake nyumbani.

Kwa familia ya Bi Mwanaarusi Athman, kwa Bi Sadia, kwa watu wote wa Ozi, poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze pema. Na kwenu wasikilizaji wapendwa, leo ukiletewa neno la mtu umfikishie mwingine, lifikishe lote. Na kama hukulifikisha, rudi useme hukulifikisha. Mimi sikusema.

Najla, mwana wa Mwanaarusi, uliko Hola. Swali lako.

Jumatatu baada ya Ijumaa ile, mama alikuja hapa studio. Alikuwa ametoka Ozi alfajiri, boti mpaka Kipini, na gari mpaka hapa. Viatu vilikuwa na matope, akavivua nje. Nilimpa kiti, akakataa. Alikuwa na neno moja tu. Akaniuliza, "Mwanangu Josiah, sisi kule redio haikushika. Ubeti wa tatu ulisikika?"

Mimi nilikuwa napanga kadi. Sikukumbuka hata wimbo ulikuwa upi. Lakini nilimwona mama wa watu ametoka mbali, nikataka afurahi, na nilitaka aondoke nimalize kazi yangu. Nikamwambia, "Ulisikika, mama. Wote, mwanzo mpaka mwisho. Hola nzima wamesikia."

Alifurahi, Najla. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, "Basi amesikia. Nipe kanda yangu."

Hakubadili moyo. Alikaa miaka kumi akiamini kwamba ulimsikia akikuita, na hukutaka kuja. Mimi ndiye niliyemwambia.