Mkono Niliouinua Hadi Marekani

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na anayeona haya kuitikia aitikie kimoyomoyo. Kabla sijashukuru, naungama. Mimi ni maskini. Sisemi maskini wa roho. Huyo ana ahadi yake. Nasema maskini wa kawaida, wa kumwomba mwenye nyumba asubiri kidogo. Nimelikana jambo hili miaka ishirini mkiwa mmekaa hapo hapo mlipo, na nadhani nyote mlijua.

Hapa kanisani kwetu Gitothua mnanijua kwa mkono wangu wa kulia. Harambee ikiitwa, iwe ya paa, ya mazishi au ya vyombo vya muziki, mkono huo ulikuwa juu kabla mzee wa kanisa hajamaliza kueleza. Nilitaja ahadi kubwa, mkapiga makofi, nikaketi nimeshiba. Kuitimiza ilikuwa habari nyingine, nanyi kwa upole wenu hamkunifuata. Mimi nimesoma chuo kikuu, ndugu zangu. Nina duka Kahawa Wendani ambako nasahihisha tasnifu za wanafunzi na kuzichapisha. Niliona msomi hawezi kupanga foleni kwa chifu ili agongewe muhuri kwenye fomu ya basari, ule msaada wa karo. Kwa hiyo binti yangu Njeri alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo kutoka shule yake ya Thika, muhula baada ya muhula, nami nikawaambia majirani amekuja kupumzika.

Mtoto huyo alifaulu vizuri sana. Mwalimu wake akatuita, akatueleza habari za chuo kimoja cha Marekani. Alisema wanaochagua wanafunzi pale, hata wale wa kutoka nchi za nje, hawauangalii mfuko wa mzazi. Wanasoma alama za mtoto na maandishi yake, basi, wanaamua. Ni ofisi nyingine kabisa inayouliza mzazi ana nini, ili chuo kijaze kinachopungua. Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima, bila kuamini hata neno moja. Mlango gani duniani haukuangalii viatu kwanza?

Fomu ya kuomba msaada ilipofika, niliijaza mimi. Duka langu, lenye printa moja na viti viwili, nililiita kampuni, na mimi mkurugenzi wake. Ekari moja ya mama yangu, Cucu wake Njeri, kule Gatuanyaga, yenye vumbi na mbuzi saba, ikawa shamba la mifugo. Njeri alikuwa akisoma nyuma ya bega langu.

"Mum, mbuzi wa Cucu ndio shamba la mifugo?"

"Kwani mbuzi si mifugo?"

Halafu nikafika mahali palipouliza familia itachangia kiasi gani kila mwaka. Ndugu zangu, mnajua nilichofanya. Nilisikia makofi. Nikaandika ahadi.

Njeri alichaguliwa. Mliimba hapa mbele, mkamzungusha kanisa zima, na mimi nikazunguka naye kana kwamba ni mimi niliyefanya mtihani. Wiki iliyofuata ikaja barua ya pili. Chuo kilisema kitalipa karo, chakula, malazi na nauli ya ndege, kila kitu isipokuwa kile kiasi nilichokiahidi mwenyewe, na kikanishukuru kwa mchango wangu. Tuthibitishe kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi atapewa mwingine. Niliisoma mara mbili. Nilikuwa nimekutana na harambee ya kwanza maishani mwangu ambayo kweli hukusanya.

Njeri aliikunja barua, akaenda kuosha vyombo. Afadhali angenifokea! Mimi nami, badala ya kutubu, nikaanza kupanga harambee ya kulipia ahadi ya harambee.

Siku ya tatu akanijia Mama Nekesa. Mnamjua, anashona kola za mashati kiwandani hapa Ruiru, na alitoka magharibi bila kumjua mtu hata mmoja huku. Hakuketi.

"Mtoto wako ameniuliza kama kwetu kiwandani wanaandika watu," alisema.

Hapo uongo ukaniishia. Nikamweleza yote, kuanzia mkurugenzi hadi mbuzi. Alinitazama, kisha akacheka mpaka akashika meza, na mpaka leo namshukuru Mungu kwa kicheko kile, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kuhurumiwa.

"Mama Njeri, umeinua mkono mpaka Marekani?"

Nikamwambia siwezi kurudi nyuma. Nikiungama watasema mama mwongo, mtoto mwongo, na nafasi itakwenda.

"Inaweza kwenda," alisema. "Lakini hiyo pesa huna hata ukinyamaza. Mimi fomu ikiniuliza, naandika sina. Ni neno fupi. Hata kalamu haichoki."

Kesho yake nilikwenda kwa chifu kutafuta barua ya kuthibitisha hali yangu. Nilivaa miwani ya jua. Kwenye benchi nilikuta wanne kati yenu. Sitawataja, lakini mnacheka sasa hivi. Mmoja alisogea, akapigapiga benchi kwa kiganja.

"Keti, mwalimu. Tumekuwekea nafasi tangu zamani."

Niliketi. Nilivua miwani. Tulizungumza habari za bei ya unga na watoto wetu mpaka zamu yangu ikafika, na hakuna aliyeniuliza nimefuata nini.

Barua ya chuoni niliiandika mara sita. Mimi ninayewafutia wanafunzi maneno ya mapambo niliandika kwamba familia yetu imepata changamoto za kiuchumi zisizotarajiwa. Njeri akachukua kalamu yangu nyekundu, akaikata sentensi nzima, akaandika juu yake: Nilidanganya kwa sababu niliona haya. Tukaituma hivyo, pamoja na barua ya chifu na picha ya mbuzi.

Sasa niwaalike kabla sijafika mwisho, maana huko sitaweza kusema. Kama una fomu uliyoificha chini ya godoro, itoe. Kama mtoto wako anaijua hali ya nyumbani kuliko unavyokubali kuijua wewe, mwombe msamaha leo, kabla ya chakula cha mchana. Namshukuru Mungu kwa Mama Nekesa, na kwa benchi la chifu. Miaka yote nilimwomba aniondolee umaskini, naye akaanza kwa kuniondolea haya. Mtumaini, ndugu yangu. Mfuko wako ameuona siku zote, na hakukukataa.

Siku nne kabla ya mwezi kwisha, alasiri, simu ililia dukani. Namba ilikuwa ndefu, ya ng'ambo. Njeri akaiweka kwenye spika. Alikuwa mama mmoja wa ofisi ya misaada ya kile chuo, akisema Kiingereza polepole kama mtu anayemvusha mtoto barabara. Nikaanza kumsihi asimwadhibu binti yangu kwa makosa yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwamba nafasi ile Njeri aliipata mwenyewe, na waliompa hawakuziona karatasi zangu, za uongo wala za kweli. Yeye kazi yake ni kujua tu kinachopungua. Barua yangu ilieleza kila kitu, akasema, hata majina ya mbuzi, ila sikuandika kiasi. Familia itaweza kuchangia nini?

Ndugu zangu, nawaambia kweli, mkono wangu wa kulia ulianza kupanda wenyewe. Njeri akaushika, akaushusha taratibu, akaendelea kuushika.

"Sina," nikasema.

Kule mbali nikamsikia akibonyeza kitufe cha kompyuta. Kimoja tu.

"Asante, mama," alisema. "Basi hiyo yote tutalipa sisi. Njeri, tunakungoja."